Pumzi za Wavulana na Wasichana Mlimani

Kila shule inapojiandaa kupanda Kilimanjaro, huzuka swali: je, hewa nyepesi ya huko juu huwalemea wasichana kuliko wavulana? Jibu latafutwa kwa vipimo, si kwa mazoea.

Kipimo chenyewe ni kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili waweza kutumia kwa dakika moja, kwa kila kilo ya uzito. Tuseme mvulana asiye mwanariadha, akiwa pwani, afikia mililita 44, na msichana wa hali yake 36. Tofauti hii hutokana hasa na himoglobini, ambayo kwa kawaida ni nyingi zaidi katika damu ya mwanamume, na mafuta ya mwili, ambayo huongeza uzito bila kusaidia kuubeba.

Tupandapo, oksijeni hubaki asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni kanieneo. Juu ya mita 1500 uwezo huo hushuka kwa takriban asilimia 1 kila mita 100. Kwa hiyo kwenye mita 4300 mvulana atabakiwa na 32, msichana 26. Wamepoteza sehemu ile ile! Na msichana mkimbiaji aliyeanza na 48 atabakiwa na 35 hivi. Hata akipungukiwa zaidi kidogo, kwani damu ya wanariadha hupita mapafuni upesi mno isipate kushiba oksijeni, hatakuwa nyuma ya mvulana yule.

Wako waliotaka kuamua jambo hili kwa Olimpiki ya Mexico ya 1968, iliyofanyika kwenye mita 2240, ambako Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000. Walisahau kwamba wanawake hawakuruhusiwa kukimbia zaidi ya mita 800. Mwaka 1988 Lydia Bradey wa New Zealand alifika kilele cha Everest bila chupa ya oksijeni.

Tatizo la kweli ni madini ya chuma. Mlimani mwili hutengeneza chembe nyekundu zaidi, na kila chembe yahitaji chuma, ambacho msichana hupoteza kila mwezi katika hedhi. Mwenye akiba ndogo hushindwa kuongeza damu hata akikaa juu wiki kadhaa. Mwalimu na awapeleke wanafunzi wake wakapimwe damu miezi miwili kabla ya safari, wavulana pia. Vidonge vya chuma wapewe tu wale ambao mganga ameona wanavihitaji.