Namba ya kwenye karatasi ya damu inasema nini?

  

Leo somo letu linaanzia kwenye karatasi. Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Tuseme baba yako mdogo analima tumbaku Chunya na amevuta sigara tangu ujana wake. Alikohoa miezi mingi, akakonda, mwisho akaanza kukohoa damu. Alipimwa makohozi, kifua kikuu hakikuonekana. Akapigwa picha ya eksirei na hapo ukaonekana uvimbe kwenye pafu la kulia. Akapewa rufaa hadi Dar es Salaam, na huko madaktari wakamfanyia upasuaji na kuiondoa sehemu ile ya pafu yenye saratani.

Sasa amerudi nyumbani. Ndugu wote wamekaa sebuleni. Kwa kuwa wewe uko kidato cha tatu na unasoma baiolojia, baba anakukabidhi karatasi ya maabara: "Haya mwanangu, tusomee. Hapa wameandika nini?"

Unaona herufi tatu: CEA. Kabla ya upasuaji: 40. Wiki nne baada ya upasuaji: 3. Bibi anauliza, "Kwa hiyo mwanangu amepona?" Shangazi anadakia, "Kama amepona, nauli ya kurudi tena Dar ya nini?"

Utajibu nini? Usiseme lolote kwanza. Jibu lako linaweza kumsaidia baba mdogo au kumponza. Hebu tujifunze.

UVIMBE UNAACHA NYAYO

Unajua tayari kwamba mwili umejengwa na seli, na kwamba seli hugawanyika kwa utaratibu. Saratani ni seli zilizoacha utaratibu. Zinagawanyika ovyo, zinavamia jirani, na baadhi zinasafiri kwa njia ya damu au limfu kwenda kuota kwingine.

Seli hizi zikiwa zinaishi, baadhi hutoa protini zinazoingia kwenye damu. Ni kama mnyama aliyepita shambani usiku. Yeye humwoni, lakini asubuhi unakuta nyayo. Protini hizo ndizo tunazoziita viashiria vya uvimbe.

CEA ni mojawapo. Iligunduliwa mwaka 1965 huko Montreal, Kanada, na Phil Gold na Samuel Freedman. Mtoto akiwa bado tumboni, seli za utumbo wake hutengeneza protini hii kwa wingi. Akishazaliwa, inabaki kidogo sana. Lakini baadhi ya saratani, za utumbo mpana na pia za mapafu, huifufua kazi hiyo ya zamani, na CEA ikaonekana tena kwenye damu. Kiashiria kingine kinachotumika kwa saratani ya mapafu kinaitwa CYFRA 21-1. Hicho ni vipande vya keratini, protini ya ukoo uleule wa zile zinazojenga nywele na kucha zako.

KUMBE KIPIMO CHA MIMBA NI NDUGU YAKE?

Ndiyo. Kile kijiti cha kupimia mimba kwa mkojo kinatafuta homoni inayoitwa hCG. Kina kingamwili zinazoishika homoni hiyo peke yake, kama kufuli na ufunguo wake, na mstari ukatokea. Kipimo cha CEA hufuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa hutumia damu, na mashine inahesabu kiasi badala ya kusema "ipo" au "haipo".

Tena hCG yenyewe ni kiashiria cha uvimbe. Kuna saratani inayoanzia kwenye seli za kondo la nyuma, na saratani hiyo huimwaga hCG kwenye damu. Mwaka 1956, huko Marekani, daktari Min Chiu Li alianza kuitibu kwa dawa ya methotreksati, huku akifuatilia homoni hiyo ili kujua kama dawa imemaliza kazi. Hata ilipoonekana wagonjwa wamepona, yeye aliendelea kutoa dawa mpaka homoni iishe. Wenzake walimpinga, akapoteza kazi. Baadaye ilionekana kwamba alikuwa sahihi.

SASA TUPIGE HESABU

CEA hupimwa kwa nanogramu katika mililita moja ya damu. Nanogramu ni gramu moja ukiigawa mara bilioni moja! Kwa kawaida mtu mwenye afya asiyevuta sigara ana chini ya 3 hivi. Anayevuta anaweza kufika 5 bila kuwa na saratani. Maabara hutofautiana kidogo, kwa hiyo soma kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi hiyohiyo.

Uvimbe ukiondolewa wote, kiwanda kimefungwa. CEA iliyobaki kwenye damu huondolewa polepole, hasa na ini. Inachukua siku chache, tuseme 5 kwa mfano wetu, kupungua nusu. Chukua kalamu:

Siku ya upasuaji: 40
Siku ya 5: 20
Siku ya 10: 10
Siku ya 15: 5
Siku ya 20: 2.5

Haitashuka hadi sifuri, maana hata wewe unayo kidogo. Lakini ndani ya wiki nne hadi sita inatakiwa iwe imerudi kwenye kiwango cha kawaida. Ndiyo maana daktari hapimi kesho yake. Akipima mapema mno, atakuta namba kubwa na kumtia mtu hofu bure.

Hapo unapata njia tatu za kuisoma karatasi:

1. Namba ilikuwa ya kawaida tangu mwanzo na imebaki hivyo. Kwa jumla, wagonjwa wa kundi hili huendelea vizuri zaidi.
2. Ilikuwa juu, imeshuka ikawa ya kawaida. Hii ni dalili njema. Inaelekea sehemu kubwa ya uvimbe, au wote, umeondoka.
3. Ilikuwa juu na imekataa kushuka, au imeshuka kisha inapanda tena kila ikipimwa. Hapa daktari anashtuka. Huenda kuna seli zilizobaki au zilizohamia kwingine, hata kabla mgonjwa hajasikia maumivu.

MAWINGU JUU YA LOLEZA

Wewe wa Mbeya unajua. Mawingu meusi yakitanda juu ya mlima Loleza, mama anaanua nguo. Je, lazima mvua inyeshe? Hapana. Lakini mara nyingi hunyesha, na mwenye busara anajiandaa.

Kiashiria cha damu kiko hivyo. Kinasema kuhusu kundi la watu: kati ya wengi wenye namba kama hii, wengi walikwenda hivi. Hakimsemi baba yako mdogo peke yake. Wapo ambao namba yao ilikuwa mbaya na wakaishi miaka mingi, na wapo ambao namba ilikuwa nzuri na ugonjwa ukarudi. Kwa hiyo namba si hukumu ya kifo, wala si cheti cha kupona.

Tena namba haisomwi peke yake. Daktari anaangalia uvimbe ulikuwa na ukubwa gani, ulifika kwenye tezi za limfu au la, ulikuwa wa aina gani, na picha ya CT inaonyesha nini. Hayo ndiyo yenye uzito mkubwa. Damu inaongezea tu.

NAMBA INAPODANGANYA

Tuseme miezi minane imepita na karatasi mpya inasema 6. Nyumba nzima inalia. Subiri. Zipo sababu nyingine zinazopandisha CEA:

- Amerudia sigara. Moshi wenyewe unapandisha CEA.
- Ana ugonjwa wa ini.
- Ana uvimbeuchungu kwenye mapafu au tumboni, au ugonjwa sugu wa mapafu.
- Amepimwa kwenye maabara nyingine yenye mashine tofauti. Ni vizuri kupima palepale kila mara.

Upande wa pili, zipo saratani za mapafu ambazo hazitoi CEA hata kidogo. Hasa uvimbe ukiwa mdogo, damu inaweza kuwa safi kabisa huku saratani ipo. Ndiyo maana kipimo hiki hakitumiki kumpima kila mtu mtaani kutafuta saratani. Mtu akikuambia, "Lipa hela nikupime damu, nitajua kama una kansa ya aina yoyote," mwambie asante, kisha nenda hospitali.

DAKTARI NA MGONJWA WAKE

Mwaka 1933, katika mji wa St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham aliondoa pafu zima la mgonjwa mwenye saratani. Mgonjwa mwenyewe alikuwa daktari mwenzake. Alipona na akaishi miaka 30 hivi baada ya hapo.

Na Graham je? Alikuwa mvutaji mkubwa, na mwanzoni hakuamini kwamba sigara inaleta saratani. Mwaka 1950 yeye na mwanafunzi wake Ernst Wynder walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba inaleta. Mwaka huohuo Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walipata jibu lilelile. Graham aliacha kuvuta, lakini kwake ilikuwa imechelewa. Alikufa mwaka 1957 kwa saratani ya mapafu. Mgonjwa akaishi kuliko daktari wake.

Wakati ule hapakuwa na CEA. Leo tunayo, lakini mkasi wa daktari na kuacha sigara bado vina nguvu kuliko namba yoyote.

KIKOHOZI KINGINE SI KIFUA KIKUU

Huku kwetu kifua kikuu ni kingi, na dalili zake zinafanana na za saratani ya mapafu: kikohozi, kukonda, homa, damu kwenye makohozi. Kwa hiyo wapo wanaotibiwa kifua kikuu kumbe uvimbe unakua. Upasuaji unawezekana saratani ikiwa bado mapema. Ukichelewa, hauwezekani.

Kanuni ni rahisi. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kapime makohozi. Kama kimeonekana kifua kikuu, meza dawa mpaka mwisho. Kama hakikuonekana, au umetibiwa na huoni nafuu, usinyamaze. Omba picha ya kifua, na omba rufaa ikibidi. Kutoka kituo cha afya unaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Iringa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na kutoka huko Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Ni mbali kweli, na nauli si mchezo. Ndiyo sababu ni afadhali kusafiri mapema.

Na wewe mwenyewe? Usianze sigara. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu mwenye umri chini ya miaka 18, lakini unajua vibandani sigara moja moja inapatikana. Rafiki akikuambia "vuta moja tu, baridi kali," vaa sweta. Pia jikoni, kuni zikiwaka ndani na mlango umefungwa, mama na dada zako wanavuta moshi kila siku. Fungua dirisha, au jengeni jiko lenye dohani.

TURUDI SEBULENI

Ndugu wanakungoja. Unaweza kusema hivi:

"Bibi, hii ni habari njema. Ilikuwa 40, sasa 3. Inaonyesha upasuaji umekwenda vizuri. Lakini haisemi kwamba amepona moja kwa moja. Shangazi, nauli bado inahitajika, maana miaka miwili ya kwanza ndiyo ugonjwa hupenda kurudi, na ukionekana mapema kuna la kufanya. Na wewe baba mdogo, shikamoo, samahani nakusemesha hivi mbele za watu: hiyo pakiti iliyo mfukoni, tafadhali itupe leo."

Kimya kitatanda, huenda bibi akaguna. Lakini utakuwa umefanya kazi ya mtu aliyesoma.

JIPIME MWENYEWE

1. CEA ya mgonjwa ilikuwa 64 siku ya upasuaji. Ikipungua nusu kila siku 5, itakuwa ngapi siku ya 20?
2. Mvutaji ana CEA 4.5 na hana dalili zozote. Je, ana saratani?
3. Miezi mitatu baada ya upasuaji CEA ni 7, mwezi wa sita 15, mwezi wa tisa 31. Daktari atafanya nini?

Majibu: (1) 4. (2) Huwezi kusema hivyo, kwani moshi wenyewe unaipandisha. Aache sigara. (3) Namba inapanda mfululizo, kwa hiyo atarudia kipimo na kuagiza picha ya CT bila kuchelewa.

Umepata yote? Hongera! Sasa mfundishe mwenzako wa bweni, halafu mwulize nyumbani kwao nani anakohoa.