Ukichimba msingi ukakuta vya kale

Jembe likigonga ukuta wa mawe ya matumbawe, au vigae vya vyungu vikianza kutoka na mchanga, simamisha kazi. Usivioshe wala kuvihamisha. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakupa siku 7 kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa. Shamba ni lako, lakini vya kale vilivyofukiwa humo ni mali ya serikali.

Na "vya kale" ni vipi? Kwa sheria hiyo, ni vilivyotengenezwa kabla ya 1895, mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa. Ajabu kidogo kwamba ukale wetu bado unapimwa kwa kuja kwa mgeni, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Sheria ya kwanza ya kulinda vya kale nchini, ya 1927, ilijali zaidi magofu kama ya mji wa kale wa Gedi. Mahali ambapo watu bado wanaomba na kutambika hapakuhesabiwa sana. Mabadiliko yalikuja na kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Miti ilikuwa inakatwa, viwanja vinauzwa, na vijana hawawaogopi tena wazee. Kuanzia 1992 kaya zikaanza kutangazwa katika Gazeti Rasmi kuwa turathi za taifa, na 2008 UNESCO ikaziorodhesha. Miiko ya wazee ikapata nguvu ya serikali nyuma yake. Katiba ya 2010 ikaenda mbali zaidi: ardhi ambayo jamii inaitumia kwa matambiko inaweza kuwa ardhi ya jamii.

Ukienda Kaya Kinondo, kule Diani, utajifunga kaniki kiunoni na kufuata njia ya mwenyeji wako. Hutoki na kitu, hata jani. Hayo hayakutungwa bungeni, na ndiyo yanayoulinda msitu kila siku.

Sheria peke yake ina mipaka. Vigango, nguzo za kuchonga ambazo Wagiriama huwasimikia wazee wao waliofariki, viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilirudishwa kutoka makumbusho ya Marekani mwaka 2007. Kwa hiyo ukiuziwa kigango, mlango wa kuchonga au chombo cha zamani, muulize muuzaji kimetoka kwa nani. Kukipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali.

Jambo moja wengi hawalijui. Jengo au eneo lenu likitangazwa kwenye Gazeti Rasmi kuwa linakusudiwa kulindwa, mna miezi 2 ya kupinga. Malalamiko ya barazani hayatoshi: andikeni barua kwa waziri anayehusika, na mbaki na nakala. Na kabla hujalipia kiwanja kinachopakana na kaya, waulize wazee wake na ofisi ya Makumbusho mpaka uko wapi.