Mikwaju Inayouma na Mikwaju Inayopotea

Muulize mchezaji wa gofu wa ridhaa, akimaliza mashimo 18, mikwaju yake imepotelea wapi. Wengi watakutajia grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo: "Mpira ulikuwa mita moja tu, nikakosa!" Huo ndio mkwaju unaouma, na ndio utakaosimuliwa njia nzima kwenye daladala. Ila kuuma ni kitu kimoja, kupotea ni kingine. Mwanafunzi mwenye hela ya ndoo mbili za mipira ya mazoezi kwa wiki hana nafasi ya kuchanganya hivyo viwili, la sivyo msimu utaisha akiwa pale pale.

Aliyetenganisha hesabu hii vizuri ni Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ambaye fani yake hasa ni hesabu za fedha. Swali lake ni jepesi: kutoka hapa mpira ulipo, mchezaji mzuri kwa wastani anahitaji mikwaju mingapi kumaliza shimo? Ukishalijua hilo, kila mkwaju unajipimia wenyewe.

Chukua grini. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, mpira ukiwa futi 8 kutoka shimoni (kama mita 2.4), wanaingiza nusu tu ya mara. Ndio, nusu! Yaani wastani wao ni mikwaju 1.5. Ukiingiza kwa mmoja umepata nusu mkwaju; ukitumia miwili umepoteza nusu. Kwenye futi 33 wastani wao ni 2, kwa hiyo yule anayelaani grini kwa sababu ametumia miwili kutoka mita kumi hajapoteza chochote. Sasa linganisha na mkwaju wa kwanza uliotoka nje ya mipaka. Unarudi pale pale na kupiga wa tatu. Pigo moja, mikwaju miwili mizima imekwenda, na bado mtu atakwambia tatizo lake ni grini.

Broadie alipojumlisha data aliona kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji bora na wa kawaida inatokana na mikwaju ya mbali, ile ya zaidi ya yadi 100. Picha haikuwa mbali na hiyo hata kwa watu wa ridhaa. PGA Tour wenyewe walianza kutumia hesabu ya aina hii mwaka 2011, kwa upande wa grini kwanza.

Wao wana mitambo ya kupimia, sisi tuna daftari, na linatosha. Kwa kila shimo andika vitu vitatu: mkwaju wa kwanza uliishia wapi (pazuri, porini, au umepotea kabisa); ule wa kulenga grini ulifika au haukufika; na kwenye grini ulianza umbali gani, ukatumia mingapi. Kama una kedi, mwombe akukumbushe. Kedi huwa anakumbuka hata mikwaju ambayo wewe ungependa isahaulike. Baada ya raundi tano hivi, daftari litakuonyesha ndoo zako zielekee wapi. Mtu anayepoteza mipira minne porini kila Jumamosi asikae saa nzima anasukuma mpira wa mita moja.

Handikapu nayo inavunja watu moyo bure. Chini ya mfumo wa dunia ulioanza 2020, inatokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya raundi zako 20 za mwisho, baada ya kurekebishwa kwa ugumu wa uwanja. Haipimi mchezo wako wa kawaida, inapima uwezo wako ukiwa vizuri. Kwa hiyo kucheza juu ya handikapu siku nyingi ni kawaida kabisa. Tena inaweza kupanda hata kama hujaharibu kitu, kwa sababu tu raundi moja nzuri ya zamani imetoka kwenye zile 20.

Na zile ndoo zenyewe? Usipige mipira 50 kwa fimbo moja. Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan walifundisha watu kazi tatu za mikono. Waliozichanganya walikuwa wazito mazoezini kuliko waliorudia moja moja, lakini walipopimwa baadaye, hata baada ya siku 10, ndio waliofanya vizuri zaidi. Gofu ndivyo inavyochezwa: hupigi mkwaju uleule mara mbili mfululizo, labda wa kwanza uwe umepotea. Basi kwenye ndoo moja cheza uwanja wako kichwani: draiva, kisha fimbo ya kulenga grini, kisha kipigo kifupi, na kila mara badili shabaha. Utapiga vibaya zaidi siku hiyo, na jirani yako mwenye fimbo moja ataonekana fundi. Subiri Jumamosi, mlinganishe madaftari.