SOMO: KUMTAMBUA PUNDA MWENYE AFYA KABLA CHAMA HAKIJAMLIPIA



Vyama vya msingi vilivyo mbali na barabara kuu huwategemea punda kupeleka pembejeo mashambani na kuleta mazao ghalani. Katika daftari la mali ya chama, punda huandikwa mstari mmoja tu, chini ya mizani na maturubai. Lakini mizani ikiharibika hutengenezwa. Punda akifa, thamani yake yote hufutwa siku hiyo hiyo, na fedha inayofutwa ni ya wanachama. Wala si rahisi kupata mwingine. Punda jike hubeba mimba kwa miezi 12 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Biashara ya ngozi nayo imewaangamiza punda wengi, hata mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao.

Kwa hiyo yapasa kila chama kijue kumkagua punda kama kinavyokagua vitabu vyake.

Punda huficha ugonjwa

Hili ndilo jambo la kwanza kulishika. Farasi mwenye maumivu ya tumbo hugaagaa chini na kutoka jasho. Punda mwenye maumivu yale yale aghalabu husimama kimya, ameinamisha kichwa. Mnunuzi asiyejua humsifu kuwa ni mpole, kumbe ni mgonjwa. Basi tusingoje punda atuonyeshe ugonjwa wake. Sisi ndio tuutafute.

1. Mtazame kwa mbali

Nendeni asubuhi, kabla hajafanya kazi. Punda mwenye afya huyageuza masikio yake kufuata sauti, hukaa karibu na wenzake, na hula kwa hamu. Aliyejitenga, aliyelegeza masikio, au anayeachia mguu mmoja wa mbele usibebe uzito, ana jambo.

Mwombeni mwenye punda ampe majani mbele yenu. Punda aliyeacha kula hata kwa siku moja ni mgonjwa wa kuitiwa daktari upesi, kwa maana mafuta ya mwili wake huweza kumwagika katika damu na kuliharibu ini.

2. Mkaribie na kumshika

Macho yawe maang'avu, yasiyo na usaha. Mianzi ya pua iwe safi. Mdomo ufunuliwe, ufizi utazamwe: uwe na rangi ya waridi na unyevu. Ubonyeze kwa kidole hata uwe mweupe, kisha uachie. Rangi irudi katika muda wa sekunde 2 hivi. Ufizi mweupe huonyesha upungufu wa damu, ambao huweza kuletwa na minyoo, kupe au ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Pitisha mkono mgongoni na mbavuni. Mbavu zisionekane kwa macho, bali ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi. Tumbo kubwa si dalili ya shibe: punda mwenye tumbo lililotokeza na uti wa mgongo uliochongoka huenda amejaa minyoo.

Ondoeni matandiko yote. Yakaguliwe mabega, mgongo, kifua na chini ya mkia, mahali panapochubuliwa na kamba. Methali husema shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda apigaye teke kila aguswapo mahali pamoja, mara nyingi anawaambia ya kuwa hapo pana kidonda.

3. Hesabu

Mtu mmoja ashike saa. Punda mzima aliyepumzika huvuta pumzi kati ya mara 12 na 28 kwa dakika. Mapigo ya moyo, yanayosikika nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, huwa kati ya 36 na 52. Joto la mwili, likipimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, huwa baina ya nyuzi 36.5 na 37.8 za Sentigredi. Hesabu zikizidi hapo ilhali mnyama ametulia kivulini, mnunuzi asitoe fedha kabla ya kumwona Afisa Mifugo.

Kinyesi nacho kisomwe: kiwe madonge yenye unyevu, yanayopasuka yaangukapo.

4. Meno na umri

Katika kila taya punda ana meno ya mbele 6. Jozi ya katikati hubadilika akiwa na miaka 2 na nusu hivi, ya pili miaka 3 na nusu, na ya pembeni miaka 4 na nusu. Wengine huchelewa kidogo. Aliyekwisha kubadili meno yote ana miaka 5 au zaidi. Punda ambaye bado ana meno ya utotoni asipewe mizigo mizito, maana mifupa yake haijakomaa.

5. Kwato na mwendo

Inueni kila mguu. Ukwato uwe mgumu, usio na ufa wala harufu ya kuoza. Kisha atembezwe mahali pagumu, aende na kurudi. Akiinua kichwa ghafula kila akanyagapo mguu mmoja wa mbele, mguu huo unamwuma.

Jeraha la ukwato lisidharauliwe. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa mno na pepopunda, na ugonjwa huo huingilia kidondani, hasa kilichochimbika. Muulizeni Afisa Mifugo habari za chanjo yake.

6. Utaratibu wa chama

Kamati iteue watu watatu, mmoja wao awe mfugaji wa punda. Matokeo yaandikwe: jinsia, umri kwa meno, alama, vidonda, hesabu za pumzi na mapigo. Wote watatu watie sahihi, na karatasi hiyo iambatishwe na hati ya malipo na stakabadhi ya muuzaji. Fedha itolewe baada ya sahihi, si kabla yake.

Baada ya kununua, mwenye zamu amkague kila asubuhi kabla ya kumtandika: macho, ulaji, mgongo na kwato. Asiye mzima asibebe mzigo siku hiyo. Wapo wasemao, "Punda afe, mzigo ufike." Chama cha ushirika hakiwezi kuendeshwa kwa methali hiyo, kwa sababu kesho kutwa kuna mzigo mwingine.

Maswali ya kujadiliana mkutanoni

1. Kwa nini upole wa punda usichukuliwe kuwa dalili ya afya?
2. Punda wetu wana karatasi za ukaguzi? Kama hawana, nani atazitayarisha, na lini?
3. Nani kati yetu ana mamlaka ya kumpumzisha punda mgonjwa wakati mazao yanangojwa ghalani?

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika