“Mvumilie, ndiye aliyeujenga mfumo”

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama palepale: mkutano wa Jumatatu asubuhi. Mhandisi mkuu aliiweka kazi ya yule binti wa timu yako kwenye skrini ya ukutani, akauliza, “Nani kaandika uchafu huu?” ilhali jina la binti lilionekana pale juu. Binti akafunga kompyuta, akaikumbatia kifuani, akatoka. Nawe, kiongozi wake, ukainamia simu ambayo, umekiri mwenyewe, haikuwa na ujumbe wowote.

Unaniuliza kama uache kazi. Ngoja kwanza.

Ulipolalamika kwa ofisa rasilimali watu uliambiwa, “Mvumilie, ndiye aliyeujenga mfumo.” Jibu hilo si geni. Februari 2017 Susan Fowler, aliyekuwa mhandisi wa Uber kule Marekani, alieleza hadharani jinsi alivyomshtaki meneja aliyemtaka kimapenzi, akajibiwa kwamba bwana huyo ni mchapakazi hodari na hilo ni kosa lake la kwanza. Baadaye akagundua wanawake wengine walishamshtaki mtu huyohuyo. Kufikia Juni mwaka huo kampuni ilikuwa imefukuza watu zaidi ya 20, na mwanzilishi mwenza, Travis Kalanick, amejiuzulu ukurugenzi mtendaji.

Bosi wenu husema “sisi ni familia.” Mlipokuwa 6 katika chumba kimoja, mkila chipsi mayai sahani moja usiku wa manane, aliyefoka aliomba radhi kabla ya chai ya asubuhi. Sasa mko 60 na anayefoka hana wa kumwita. Familia ninazozijua mimi, mkubwa akimdhalilisha mdogo, wazee humketisha chini.

Basi mfuate bosi, uso kwa uso, si kwenye kundi la WhatsApp. Nenda na karatasi: tarehe, maneno yaliyotamkwa, waliokuwepo, na wale 4 walioondoka tangu Januari. Mweleze kwamba nao walikuwa wameubeba mfumo vichwani mwao, wakaondoka nao.

Binti naye asiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhesabu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike kuwa ameachishwa. Maadam amepita miezi 6 kazini, anaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ndani ya siku 30 tangu aondoke. Si njia nyepesi, inahitaji ushahidi, na wewe ni shahidi.

Lakini kabla ya bosi na kabla ya karatasi, yuko yeye. Umeniandikia kurasa tatu, na hakuna mstari unaosema ulimfuata. Mtafute leo. Mwambie uliona, ukanyamaza, na kwamba skrini ile ikiwashwa tena kwa ajili hiyo, wewe ndiye utakayesimama kuizima.