Iulize Shingo Kwanza

Dar es Salaam, saluni ya shangazi mmoja anayepamba maharusi. Msichana anayejifunza kazi kwake anauliza.

SHANGAZI: Pangusa hizo brashi huku tunaongea.

MWANAGENZI: Kwenye harusi ya Jumamosi bibi harusi alikuwa mweusi wa kupendeza, lakini uso umepauka kijivu, shingo imebaki ya kwake. Kosa linaanzia wapi?

SHANGAZI: Dukani. Mpambaji alichukua chupa iliyomzidi weupe. Faundesheni nyingi zina titaniamu dioksaidi, unga mweupe unaosaidia kufunika madoa. Ukizidi juu ya ngozi nyeusi unazaa kijivu, na hapo hakuna brashi itakayokuokoa. Lakini wakati mwingine weusi umelingana kabisa na bado uso unakataa. Hapo ujue rangi ya chini imekosewa.

MWANAGENZI: Rangi ya chini ndiyo ipi tena?

SHANGAZI: Njoo kiooni, weka mkono wako kando ya wangu. Sote watu watatuita maji ya kunde. Tazama sasa: wako unaelekea njano, wangu una wekundu. Tukipakwa chupa moja, mmoja wetu ataonekana mgonjwa. Seli zinazotengeneza melanini tunazo karibu idadi ileile watu wote. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya hiyo melanini, halafu damu iliyo chini ya ngozi nayo inaongeza rangi yake. Kwa hiyo nisikuone unamchagulia mteja chupa kwa kuwa eti ni "mweusi" au "mweupe".

MWANAGENZI: Wengine wanasema tazama mishipa ya mkononi. Ya kijani ni njano, ya bluu ni upande wa pili.

SHANGAZI: Kwa weusi wengi mishipa hiyo haionekani vizuri, utabaki kubahatisha. Mimi huweka vitambaa viwili mabegani, kimoja cheupe pe, kingine rangi ya krimu. Krimu ikimchangamsha uso, yuko upande wa njano. Cheupe kikimkubali zaidi, yuko upande wa wekundu au bluu. Vyote vikimkaa, yuko katikati, na huyo hana shida. Si hesabu hiyo, ni jicho, litazoea.

MWANAGENZI: Na ile chati ya aina sita za ngozi?

SHANGAZI: Ya Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani, ya 1975. Alitaka kujua ngozi inavyoungua juani, na mwanzoni iliwahusu weupe. Aina ya 5 na ya 6, za ngozi ya kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Haikutungwa kwa ajili ya poda. Wenye viwanda vya vipodozi nao walichelewa sana kututengenezea rangi zetu. Iman, Msomali aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, alizoea kujichanganyia faundesheni mwenyewe enzi za uanamitindo, mpaka 1994 akaanzisha vipodozi vyake. Fenty Beauty ya Rihanna ilipoingia sokoni 2017 na rangi 40 kwa mpigo, makampuni mengine yakakurupuka.

MWANAGENZI: Basi nikifika Kariakoo nichague vipi?

SHANGAZI: Usijaribie mkononi, mkono si uso. Chora mistari mitatu ya chupa tatu tofauti kwenye taya, ishuke hadi shingoni. Toka nje, simama kivulini mchana, maana taa za dukani zinadanganya. Wala usinunue palepale. Kanunue hata mua utafune, kwa sababu faundesheni nyingi hukoza zikikauka na kukutana na mafuta ya ngozi. Baada ya robo saa, mstari usiouona ndio wako.

MWANAGENZI: Mimi paji la uso ni jeusi kuliko mashavu.

SHANGAZI: Wengi wetu tuko hivyo, na kuzunguka mdomo pia. Usilazimishe uso mzima uwe rangi ya shavu. Nunua chupa mbili: iliyokoza kwa paji na pembeni, nyepesi kwa katikati, uzikutanishe kwa sponji yenye unyevu. Ukibabaika fuata shingo na kifua; gauni litaviacha wazi.

MWANAGENZI: Na weusi wa chini ya macho? Konsila nikipaka inageuka kijivu.

SHANGAZI: Weusi ule una bluu ndani yake. Tangulia na chungwa kidogo sana, chungwa huiua bluu, kisha konsila. Kwa mweupe chungwa ni kali, chukua rangi ya pichi.

MWANAGENZI: Mashavu na midomo je?

SHANGAZI: Waridi iliyopauka kwa mweusi tii hukaa juu juu kama vumbi la chaki. Mpe damu ya mzee, zambarau, au chungwa iliyokolea. Ndani ya kopo zinatisha, shavuni zinatulia. Wengi wetu mdomo wa juu ni mweusi na wa chini una wekundu, kwa hiyo anza na penseli ya kahawia ndipo lipstiki. Na lipstiki ya "rangi ya ngozi" kwa mweusi tii ni chokoleti. Wanja unamkubali kila mtu, hapo sina la kukufundisha.

MWANAGENZI: Akija aliyetumia mkorogo?

SHANGAZI: Utamjua kwa sugu za vidole, hizo hubaki nyeusi. Uso mweupe, shingo rangi mbili. Mfuate kifua, umpake kidogo, usimsugue, ngozi yake huenda imekuwa nyembamba. Zebaki na haidrokwinoni zilipigwa marufuku kwenye vipodozi, bado zinauzwa. Mwambie faraghani amwone daktari wa ngozi, si mbele ya mashoga zake.

MWANAGENZI: Na mama mtu akisema, "Mtie weupe kidogo mwanangu, ang'ae"?

SHANGAZI: Kung'aa nampa. Hailaita ya dhahabu au shaba juu ya mfupa wa shavu, na mafuta kidogo mabegani.

MWANAGENZI: Akishikilia weupe?

SHANGAZI: Namwambia imeisha dukani.