Maji Yachemkayo na Maktaba ya Kompyuta

Mwezi wa Novemba mwaka 1857, msafara uliotoka pwani ulifika Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, karibu na mahali palipo mji wa Tabora leo. Wakuu wake walikuwa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Kazi yao mojawapo ilikuwa kupima kimo cha nchi juu ya bahari. Lakini mtu aliye mbali na pwani atapimaje kimo? Speke alichemsha maji.

Kando ya bahari maji huchemka kwa digrii 100. Mtu apandapo nchi ya juu, mkandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Tabora iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, na huko maji huchemka kwa digrii 96 hivi. Msafiri husoma kipimajoto, kisha hutazama jedwali lililotungwa na wataalamu. Hana haja ya kuitunga hesabu hiyo mwenyewe.

Siku hizi mwanafunzi aweza kufanya vivyo hivyo kwa kompyuta. Huandika programu fupi kwa Python, lugha iliyo nyepesi kwa wanaoanza. Lugha hiyo yenyewe haijui habari za maji. Basi huita maktaba ya nje iitwayo CoolProp, ambayo wataalamu waliiandika kwa lugha ngumu zaidi, C++, na kuitoa bure. Ndani yake mna hesabu za vimiminiko na gesi zaidi ya 100. Mstari wa kwanza wa programu huiita maktaba. Wa pili huiuliza: maji yakichemka kwa joto hili, mkandamizo ni kiasi gani? Kwa digrii 96 jibu ni pascali 87,800 hivi. Kando ya bahari ni 101,325 hivi. Tofauti hiyo ndiyo ionyeshayo kimo.

Lakini kila mji una desturi zake, na maktaba hii vilevile. Hutaka joto kwa kipimo cha Kelvin. Kwa hiyo 96 huongezwa 273.15, ikawa 369.15. Mwanafunzi akisahau akaandika 96, maktaba hukataa kujibu, kwa maana katika baridi hiyo maji ni barafu. Kosa hilo ni jema, kwa sababu huonekana.

Kosa baya ni lile lisiloonekana. Mwaka 1858 wasafiri wale walifika Ziwa Tanganyika. Kipimajoto chao hakikuwa sahihi, wakapata kimo cha mita 560 hivi. Kimo cha kweli ni mita 770 hivi. Kosa lisilofika digrii moja lilitosha kulishusha ziwa zima mita 200! Wakati ule watu walibishana juu ya chimbuko la mto Nile, na maji hayapandi kilima. Kwa hiyo kimo cha ziwa kilikuwa jambo kubwa.

Ndivyo ilivyo hata leo. Maktaba iliyo bora haiwezi kujua ya kuwa kipimajoto ni kibovu. Hujibu kama ilivyoulizwa. Mwanafunzi mwenye busara hukijaribu kwanza kipimajoto chake mahali ambapo kimo chajulikana, ndipo aiite maktaba.

MASWALI
1. Kwa nini maji ya Tabora huchemka kabla ya kufika digrii 100?
2. Maktaba hukataa kosa gani, na kosa gani haiwezi kulitambua?
3. Geuza digrii 98 ziwe za Kelvin.